Siku sita Mloka: joto, viboko na maembe ya Bibi

Tumerudi Dar wiki mbili zimepita na ndo leo nimekaa na daftari na picha za simu niandike. Kurasa nyingine wino umetawanyika kwa jasho kwa hiyo bei zingine nimemuuliza dogo, yeye alikuwa mshika hela. Dogo ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka kumi na tisa, alikuwa hajawahi kuvuka Mkuranga.

Safari hii chanzo chake ni Bibi. Bibi yangu ni Mndengereko, kazaliwa bondeni kabisa, chini ya Mkongo, pembeni ya mto Rufiji. Mwaka 1968 serikali ilipoanza kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu kwenye vijiji vya ujamaa (wazee wanaiita Operesheni Rufiji) yeye alikuwa ndo kaolewa juzi tu. Wakapandishwa Mkongo, baadaye Babu akapata kazi Dar, wakahama moja kwa moja. Hajarudi bondeni tangu hapo. Nilipomwambia naenda kupiga kambi Mloka, kijiji cha nje ya geti la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuangalia wanyama, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mume wangu, wakati wa kurudi pita Mkongo unitazamie maembe yangu. Yako matatu, yamekaa pamoja. Ukisimama hapo ukatazama jua linapotokea, mto uko mkono wa kulia."

Basi nikaandika kwenye daftari ukurasa wa kwanza: maembe matatu (miti, siyo matunda), mto kulia.

Jumatano, 16 Oktoba 2024. Mbagala hadi Mloka

Basi linatoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, sisi tulifika saa kumi na moja kasoro na tayari siti za mbele zimekwisha. Nauli tulilipa 20,000 kila mtu, begi la hema wakataka 3,000 ya ziada, tukaongea ikawa 2,000. Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, Bungu, yote hiyo ni lami na mikorosho na meza za nanasi pembeni ya barabara, nililala nusu yake.

Kibiti tulishuka dakika ishirini. Chapati mbili na chai 1,500, na palepale nikanunua katoni moja ya maji makubwa. Kama unaenda, sikiliza hapa: mahitaji yako yote malizia Kibiti. Toa hela hapo, nunua betri za tochi, nunua ndimu na chumvi na sukari (utaona baadaye kwa nini), na kama unatumia dawa yoyote beba ya kutosha. Mloka kuna maduka na wakala wa kutoa hela, ila wakala akiishiwa salio ndo umeshakwama mpaka kesho.

Kutoka Kibiti unaachana na barabara ya Lindi, unakata kulia, na lami inaishia hapo. Zaidi ya kilometa mia moja za vumbi. Dereva alikuwa anaifahamu ile njia kama kiganja chake, anajua wapi apande ukingoni na wapi apite kati, lakini hata hivyo mimi kichwa kilishagonga dirisha mara tatu kabla ya Mkongo. Madirisha ukifungua vumbi linaingia, ukifunga mnaokwa. Watu wakafungua.

Mbele ya Mkongo tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo ila jeki ikagoma, ikabidi konda apande bodaboda kurudi kutafuta nyingine, tukakaa chini ya mti masaa mawili na nusu. Saa saba mchana. Hapo ndo nilielewa joto la Rufiji ni kitu gani, siyo lile la Dar la unyevunyevu ambalo upepo wa bahari ukija unapumua, hili linakuja kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, ardhi yenyewe inakurudishia. Simu iliniandikia 39 halafu ikajizima.

Kuna mama mmoja nyumba yake ilikuwa kama hatua mia kutoka pale. Hakuna aliyemuita. Alikuja mwenyewe na ndoo ya maji ya mtungi na kikombe kimoja, akagawa kwa watoto kwanza, halafu wazee, halafu sisi, akarudi akaleta sahani ya maembe mabichi yaliyokatwakatwa na chumvi na pilipili. Abiria zaidi ya arobaini. Tulipochanga hela kidogo akakataa, akasema maji ni ya Mungu, mtu mmoja akamwachia mtoto wake hela ya daftari na hiyo akaikubali.

Tulifika Mloka saa kumi na moja jioni. Bodaboda mpaka kambini 3,000 kwa wawili na mizigo, ukishikilia hema kichwani.

Alhamisi, 17 Oktoba. Kujifunza mchana

Kambi yetu siyo zile za mamilioni. Kambi za bei yetu ziko nje ya geti la hifadhi, ukingoni mwa mto, kadhaa zimepangana, na karibu zote zina sehemu ya watu wenye mahema yao. Tulilipa 25,000 kwa mtu kwa usiku, chakula cha jioni 15,000, chai ya asubuhi 8,000. Choo na bafu safi. Umeme ni wa sola, kuchaji simu ni pale jikoni tu, na jenereta linawashwa saa moja mpaka saa nne usiku. Maji ya bafuni yanatoka kwenye tanki jeusi juu ya mti na mchana usithubutu kuyafungua, yanaunguza. Oga saa kumi na mbili asubuhi, au usubiri usiku.

Mto wenyewe upo kama mita thelathini kutoka hemani. Mwezi wa kumi maji yamepungua kwa hiyo unaona mchanga mweupe katikati, visiwa visiwa, na mto umegawanyika mikono mitatu minne. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mimi nilidhani ningeuona nishangae mara moja halafu nizoee, kumbe hapana, kila saa una sura yake, nina picha sitini za mto tu.

Kosa tulilofanya siku hiyo ni kwenda kijijini kwa miguu saa tano asubuhi. Tulitaka kununua sabuni na ndizi. Kwenda tulienda vizuri, wakati wa kurudi dogo akaanza kunyamaza, halafu akasema kichwa, halafu akakaa chini katikati ya njia, jasho limemkauka kabisa. Niliogopa sana. Nilimwekea kanga kichwani nikambebea mabegi yote na kumvuta mkono mpaka kwenye mwembe wa kwanza na bahati nzuri akapita kijana wa bodaboda, akamkalisha katikati yetu, akatufikisha kambini bila kuuliza hela. Mpishi wa kambi, mama wa makamo, akachukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, akakamulia ndimu, akamnywesha kidogo kidogo huku anamlowanisha shingo na makwapa kwa kitambaa. Baada ya saa moja dogo akaomba chakula.

Mama yule akanikalisha chini. "Mwanangu, hapa saa nne mpaka saa kumi mtu hatembei. Unawaona watu wa hapa wamelala chini ya miti unadhani wavivu? Wameamka saa kumi usiku hao." Na kweli nilivyoanza kuangalia nikaona, saa kumi na moja alfajiri kijiji kizima kiko macho, wanawake wanarudi na kuni, wavuvi wanatoa nyavu, watoto wanafagia, ikifika saa nne kimya. Hata ndege kimya. Saa kumi na nusu kinaanza tena. Kuanzia siku hiyo tukafuata ratiba yao na hatukuumwa tena.

Usiku ule mwezi ulikuwa umejaa, tena ulikuwa mkubwa na wa njano kuliko kawaida, ulitokea upande wa chini wa mto ukaacha njia ndefu ya mwanga juu ya maji. Askari wa kambi, Mrufiji wa palepale, akatupitishia maelekezo na tochi yake. Viboko wanatoka kula majani usiku, wana njia zao, na njia moja ilikuwa inapita hatua kumi na tano kutoka hema letu, akatuonyesha ilivyochimbika kama mfereji. Alisema kiboko hana ugomvi na mtu aliyelala, ugomvi wake ni wewe kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo usiku ukitaka kutoka haja, washa tochi kwanza ndani ya hema, mulika huku na huku, mwite askari kwa tochi, subiri aje. Na usiweke chakula chochote hemani, hata ganda la ndizi, tembo wananusa mbali.

Saa nane usiku viboko walikuja. Nilisikia kwanza kitu kama mtu anang'oa majani kwa nguvu, kwacha, kwacha, kwacha, halafu pumzi. Dogo alinishika mkono. Tukachungulia kwenye wavu na mwanga wa mwezi ulivyokuwa tukamwona mzima, mgongo unang'aa, na nyuma yake mtoto. Walikula pale kama dakika ishirini, wakaondoka. Nililala vizuri baada ya hapo, sijui kwa nini.

Ijumaa, 18 Oktoba. Mtoni na kijijini

Boti tulichangia na familia moja ya Morogoro, 40,000 kila mtu kwa masaa matatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Chagua asubuhi, jioni picha zinakuwa nzuri lakini upepo unarusha maji na mamba wengi wameshaingia mtoni.

Mamba niliacha kuhesabu baada ya thelathini. Wamelala midomo wazi juu ya mchanga, nahodha akasema ndo wanavyojipoza. Kwenye kingo za udongo mwekundu kuna matundu mamia kwa mamia, viota vya keremkerem, wanatoka na kuingia kama wanafunzi wakati wa mapumziko, wekundu, kijani, weupe kooni. Furukombe alilia juu ya mvumo (mti wa jamii ya mnazi) uliokauka, ile sauti ukiisikia mara moja hutaisahau. Na viboko sasa, makundi makundi, unaona masikio na macho tu, nahodha anawazunguka mbali, injini anapunguza, haongei akiwa karibu nao.

Nahodha huyu zamani alikuwa mvuvi wa kambale na kitoga, nikamwambia habari ya Bibi. Akacheka kwa furaha, akazima injini, tukaachia boti iende na maji, akaanza kunieleza kilimo cha bondeni. Neno lenyewe ni mlau. Bibi amelitumia miaka yote na mimi nilidhani ni jina la mahali. Kumbe mto ukifurika wakati wa masika unaacha tope jipya bondeni, maji yakianza kurudi, mwezi wa tano wa sita, watu wanafuata nyuma ya maji wanapanda mahindi, kunde, maboga kwenye ule unyevu, hakuna mbolea, mvua imeshakata, na wanavuna kiangazi. Huo ndo mlau. Na walikuwa wanakaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maji yakija yanapita chini na wewe uko juu unalinda shamba na nguruwe na viboko.

Nikamuuliza na bwawa je? Maana juu huko mto umezibwa, bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, na umeme wake ndo huu tunawashia feni Mbagala. Alikaa kimya anatazama maji. Akasema mwaka huu mwezi wa nne mafuriko yalikuja makubwa sana, yalibeba nyumba, mpunga wote ukaenda, watu walilala shuleni, na sisi Dar tuliyaona kwenye taarifa ya habari. Lakini waliopanda mlau baada ya pale wamevuna vizuri. Anachotaka kujua yeye ni miaka inayokuja maji yatafunguliwa lini na kiasi gani, mkulima wa bondeni aambiwe mapema, "kwa sababu mto zamani ulikuwa unatuambia wenyewe." Nililiandika hilo neno kwa neno.

Mchana tulikwenda kuswali Ijumaa kijijini (kwa bodaboda). Baada ya swala mzee mmoja aliyekuwa amekaa safu ya mbele akatushika mkono, nikampa shikamoo, akauliza wageni wa nani, nikasema kwa upande wa Bibi kwetu Mkongo. Basi ikawa imekwisha, hatukuondoka. Mkeka ukatandikwa barazani, wali na kambale wa kukaanga na mchuzi wa bamia, wengine watano wakaitwa. Mzee yule alikuwa kijana mwaka ule wa Operesheni. Alisema wengine walihama wakiwa wanalia na wengine walihama wanafurahi maana waliahidiwa shule na zahanati na kweli vikaja, lakini shamba likabaki kule chini, kwa hiyo asubuhi unashuka na jioni unapanda, mwendo wa masaa, na usiku nguruwe wanakula peke yao kwa sababu hakuna mtu kwenye dungu. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa huku ananisogezea kichwa cha samaki.

Jumamosi, 19 Oktoba. Ndani ya hifadhi

Gari la wazi tulikodi watano, 400,000 kwa siku na mafuta ndani yake, yaani 80,000 kila mtu. Viingilio vya hifadhi ni juu yako. Getini Mtemere hawapokei hela taslimu, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, na siku ile mtandao ulikuwa unakuja unapotea, tulikaa pale dakika hamsini na gari tisa zimejipanga. Ushauri wangu: mwambie mwenye gari au kambi ikuombee hiyo namba jana yake jioni ulipe kabisa. Na beba kitambulisho cha NIDA, Mtanzania analipa kwa shilingi na tofauti na mgeni ni kubwa sana, usiipoteze kwa kusahau kadi nyumbani.

Nguo za bluu na nyeusi usivae. Ndorobo (mbung'o) wanazifuata. Dogo alivaa jinsi, aliumwa mapajani juu ya jinsi, mimi na kaki yangu nilipata mbili tu.

Hifadhi hii ni kubwa kuliko akili inavyoweza kushika, zaidi ya kilometa za mraba 30,000, imetengwa kutoka Selous mwaka 2019, na gari za siku moja zinazunguka kipande kidogo tu cha maziwa kaskazini ya mto. Kile kipande kinatosha. Twiga wengi sana, na kiongozi wetu akatuambia jambo ambalo sikulijua, kwamba twiga wako upande huu wa kaskazini tu, ukivuka Rufiji kwenda kusini huwakuti. Mto umekuwa ukuta wao. Ziwa Manze mivumo imekufa imesimama majini kama nguzo za nyumba isiyoezekwa, na juu ya kila nguzo kuna ndege. Simba tuliwakuta chini ya kichaka saa tano, majike manne, wanahema kwa joto ulimi nje, hata hawakutuangalia.

Saa saba tulifika Maji Moto, karibu na Ziwa Tagalala chini ya kilima cha Kipalala. Juu kabisa maji yanatoka kwenye ardhi yanachemka na harufu ya kiberiti, yanashuka kwa vidimbwi na kila kidimbwi kimepoa kidogo kuliko cha juu yake, vya chini watu wanaoga. Nilikuwa na wasiwasi, kwenye joto lile nani anataka maji ya moto? Lakini nilipotoka mle upepo ulinipiga nikasikia baridi, baridi kabisa, mara ya kwanza tangu Kibiti. Mama wa ile familia ya Morogoro alikataa kutoka, gari likamsubiri. Yeye ndo aliyetulisha wote mchana ule, alikuwa na hotpoti ya pilau na kachumbari, sisi tulikuwa na mkate.

Mbwa mwitu hatukuwaona. Kiongozi aliona nyayo zao zikikata barabara, za asubuhi ile, tukazifuata nusu saa zikaingia porini.

Jumapili, 20 Oktoba. Mkongo

Tulikunja hema gizani. Mpishi alitufungia mihogo ya kuchemsha kwenye gazeti na chupa ya yale maji ya ndimu na chumvi, dogo akamkumbatia. Basi la kurudi Dar linapita alfajiri, tulishuka Mkongo saa tatu kasoro, 7,000 kila mtu, tukaacha mizigo gesti (chumba 15,000, feni ipo, chandarua kipo ila kina tundu, beba uzi na sindano).

Nilimweleza kijana wa bodaboda nachotafuta. Akasema maembe bondeni ni mengi, kila palipokuwa na mji wa zamani pana maembe, ndo alama zao, nyumba zimeoza ila miembe imebaki. Akatupeleka kwa baba yake. Baba yake akatupeleka kwa shangazi yake, bibi mmoja mfupi ana macho makali, ambaye nilipomtajia jina la baba yake Bibi alipiga kofi moja akasema "Wa ukoo ule! Mbona nilikuwa nacheza naye mdako." Hakumaliza hata kusimama akaanza kunielekeza kwa fimbo kwenye mchanga. Maembe matatu anayajua. Ila, akasema, mto haupo tena pale. Umehama. Ulikata njia nyingine miaka mingi iliyopita na sasa maembe yale yako ng'ambo.

Tulishuka bondeni kwa bodaboda mpaka njia ikaisha, halafu kwa miguu kama dakika arobaini katikati ya mabua, ilikuwa saa nne na nusu na nilikuwa najua kabisa tunavunja sheria ya yule mama mpishi, lakini tulikuwa na maji lita sita na vichwa vimefungwa vitambaa. Mtoni palikuwa na wanawake wanachota, hawaingii majini, wana makopo yamefungwa kwenye miti mirefu, wanachota wakiwa wamesimama mbali. Mzee wa mtumbwi alitaka 2,000 kutuvusha, alipojua tunaenda kutafuta nini akasema weka hela yako. Alisimama nyuma na upondo, sisi tumekaa chini kabisa, kingo za mtumbwi ziko vidole vinne juu ya maji. Nilitazama mbele tu.

Yalikuwepo. Matatu, moja limepasuka katikati na bado lina majani, mawili makubwa kuliko mwembe wowote niliowahi kuuona Mbagala, maembe madogo ya kijani yamejaa mpaka matawi ya chini. Nikasimama chini yake nikatazama upande wa mashariki. Mto ulikuwa mkono wa kushoto.

Palikuwa na shamba la mtu mpaka kwenye mizizi. Tulimkuta mwenye shamba na mkewe wamepumzika kivulini, tukasalimiana, wakatupa nafasi kwenye mkeka wao, nikaomba ruhusa ya kupiga picha na nikachukua embe tatu mbichi. Hawakuuliza tunadai shamba au vipi. Mimi ndo nilijieleza haraka haraka kwamba sidai chochote. Yule bwana akasema, hata ukija Bibi mwenyewe, kivuli ni chake.

Jumatatu, 21 Oktoba. Nyumbani

Basi, vumbi, Kibiti, lami, foleni ya Kongowe saa moja na nusu. Jumla ya safari nzima kwa sisi wawili ilizidi 700,000, viingilio vya hifadhi vikiwa ndani.

Nilikwenda kwa Bibi hivyo hivyo na vumbi langu. Embe alizinusa moja moja akaziweka mapajani. Nikampa simu, nikamkuzia picha ya miembe, nikamweleza habari ya mto kuhama, kwamba sasa uko kushoto. Alisema "Umehama tena?" kama mtu anayeulizia jirani. Halafu akaisogeza picha kwa kidole chake, akaipita ile miembe, akashuka chini kwenye shamba, akaiweka simu karibu na jicho.

"Haya mabua ya mahindi ni ya lini?"

Nikasema wamevuna mwezi wa tisa, na kunde zilikuwa bado kidogo.

"Mlau," akasema. "Maji yalifika."

Akaniambia nimwitie jirani aje aone.